Kamera Iliyochelewa Matangani

Mwezi uliopita, katika matanga ya Papa Alimasi pale Baraka, nilimnyang'anya kijana mmoja simu yake mbele za watu. Mtu mzima mimi, mwenye mvi na miwani ya kamba, nilinyoosha mkono nikaichomoa kama mama anayemnyang'anya mtoto kisu, wala sijutii. Kijana alikuwa amemwinamia mjane, simu karibu imguse pua, na nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia, "Mama, lia tena kidogo, pale mwanzo sikukushika muzuri." Lia tena! Nilimwambia akae chini kwenye mkeka kama wenzake, anyamaze, na akishakaa nitamrudishia kitu chake. Akanikodolea macho. Mzee mmoja wa familia akamvuta shati, "Huyu njo Mwajuma, ule wa mafilamu. Kaa tu, mutoto wangu, huyu hatubishanaka naye." Akakaa. Nami nikakaa, na hapo ndipo machozi yaliponitoka, kwa sababu marehemu mwenyewe tuliyekuwa tukimlilia ndiye mtu wa kwanza niliyemsikia akimwambia mfiwa arudie. Na siku ile alijibiwa jibu ambalo mimi nimelifanyia kazi maisha yangu yote.

Nikialikwa mahali kuzungumzia filamu zangu za hali halisi, swali la kwanza huwa lile lile: ulisomea wapi uongozaji? Nawaambia Baraka, kwa mpiga video za harusi. Wanacheka wakidhani natania. Sitanii. Ya wazazi wangu na ya utotoni nayaacha, hayo kila mtu anayo. Ninaloweza kueleza ni ule mwaka mmoja wa vita ya pili ya kwetu, nilipokuwa na miaka kumi na tisa, mji uko mikononi mwa wanaume wenye bunduki, milima mikononi mwa wanamgambo wa Mai-Mai, na nusu ya watu wetu wako ng'ambo ya ziwa katika kambi za Kigoma. Shule zilikuwa zimefungwa. Wenzangu wengi walikuwa wanangoja vita iishe ndipo waanze kuishi. Mimi sikuumbwa na subira hiyo. Nilikwenda kwa Papa Alimasi, jirani yetu wa msikitini, nikamwambia anipe kazi yoyote katika sale yake, ukumbi wa video, hata ya kufagia. Akanitazama kwa jicho la kushoto, maana la kulia lilikuwa limeingia ukungu, akasema, "Kufagia batu banajua. Weye uko na sauti?"

Sauti ninayo hadi leo, waulize majirani. Sale yenyewe ilikuwa nyumba ya matofali mabichi, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mchana ugeuke giza, televisheni moja ndani ya kasha lenye kufuli, na huko nyuma jenereta iliyokohoa kuliko kunguruma. Ndani kulinuka jasho, esansi ya jenereta na mandazi. Filamu zilikuwa za karate, na kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya televisheni na kuwaeleza watazamaji wanachosema wale Wachina. Kichina sikijui. Nilitunga. Huyu anamdai mwenzake shamba, yule ameibiwa mchumba, twende! Watu walipiga makofi, na mara nyingine askari waliokaa benchi la mbele walinitaka niwatukane maadui zaidi. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza katika sinema ilikuwa kusema uongo, tena kwa sauti kubwa. Nalisema hili kwa sababu ya neno lenyewe. Kwetu mtoto akilia bila sababu anaambiwa, "Acha sinema." Mwanamke akijifanya mgonjwa shamba likimngoja, watu watasema, "Anafanya sinema huyo." Sinema kwetu ni kujifanya. Sikuwahi kulifikiria neno hilo mpaka liliponifungia mlango.

Nyuma ya sale kulikuwa na chumba kidogo ambamo Papa Alimasi alihifadhi kamera yake, kubwa, nyeusi, ya kubeba begani, imefungwa ndani ya kikwembe cha mke wake. Kabla ya vita hapakuwa na harusi ya maana kutoka Fizi hadi ufukweni ambayo hakuipiga. Sasa jicho lilimsaliti, akahitaji jicho la mtu mwingine, na jicho lililokuwa karibu lilikuwa langu. Alinifundisha alasiri, tukila ugali wa muhogo na ndagala zilizokaangwa kwa mawese, mikono tukiifuta vizuri kabla ya kugusa kitu. "Shika pumzi. Usimukimbize muntu na kamera, mungoje aingie." Mwalimu mzuri, lakini alikuwa mtu wa harusi hasa. Bibi harusi akiingia na jua liko vibaya, alimtoa nje akaingia upya. Mjomba akilisha keki na mkono ukatetemeka, alilisha tena. "Turudie!" ndilo lilikuwa neno lake, na watu walilipenda, maana katika harusi nani hataki kuingia mara mbili?

Ndipo akaja Nyassa. Alikuwa mwanamke wa kama miaka thelathini, mrefu, mchache wa maneno, aliyekimbia kutoka kijiji kimoja cha ufukweni upande wa Makobola, na sasa anaishi kwa shangazi yake mtaa wa pili. Kisa chake mji mzima ulikijua nusu nusu. Siku kijiji chao kiliposhambuliwa, alimpakia mama mkwe wake, Bibi Mlasi, pamoja na watoto wake wawili katika mtumbwi wa jirani, halafu yeye akashuka tena akarudi kumtafuta mumewe, Wilondja. Mtumbwi ulifika Kigoma. Wilondja alikufa. Nyassa alitokea Baraka baadaye, peke yake, bila kikwembe cha pili, na hakumweleza mtu yeyote yaliyotokea katikati. Basi midomo ikajaza pengo. Ng'ambo kule kambini ilifika habari kwamba alimkimbia mumewe akiwa bado anapumua, akamwachia mbwa. Bibi Mlasi akatuma neno kwa wachuuzi wa mawese: watoto hawarudi. Watarudi siku atakayoelezwa mwanawe alikufaje na nani alimfukia, na amweleze yule aliyeona, kwa kinywa chake, si kwa kinywa cha kutumwa. Na Nyassa kuvuka hakuweza. Wenye mji walimnyima karatasi ya safari kwa kuwa kaka yake alisemekana yuko milimani na Mai-Mai. Aliomba mara nyingi, wakamwambia akiomba tena watamfunga.

Alisimama mlangoni mwa sale mchana mmoja, filamu ikiwa imekatika kwa kukosa esansi, akauliza, "Papa Alimasi, ile mashini yako inaweza kubeba sauti yangu mpaka Kigoma?" Papa Alimasi akasema inaweza, tena na uso. Nyassa akashika kizingiti. "Basi nipige. Nataka batoto bangu." Hakusema zaidi, na haikuhitajika zaidi. Siku hiyo ndiyo niliyojua kamera inaweza kuwa na kazi.

Lakini ah, Papa Alimasi, Mungu amrehemu, alitayarisha kama anavyojua. Alitundika pazia la maua ukutani, akaweka kiti cha plastiki cheupe, akasogeza na chombo cha maua ya nailoni ambacho kilikuwa kimeshaonekana katika ndoa zote za Baraka. Akamwambia Nyassa aingie polepole, aketi, aanze. Nyassa akaingia. Papa Alimasi akatazama madirisha, akasema, "Mwanga si muzuri. Toka nje, mama, ingia tena." Akatoka, akaingia tena. Akaketi. Akaanza: alivyosikia mlio, alivyowavuta watoto, mtumbwi. Sauti ikamkatika, machozi yakamshuka. Mimi niko nyuma ya kamera, nimeshika pumzi. Na Papa Alimasi, kwa upole kabisa, kwa upole wa mtu anayetaka kazi iwe nzuri, akasema, "Pole sana, mama. Sauti ilikuwa chini. Turudie toka pale kwa mutumbwi."

Nyassa alifuta uso kwa kiganja. Akasimama, akakunja kikwembe chake vizuri kiunoni. "Papa Alimasi," akasema, "bwana yangu alikufa mara moja." Akatoka.

Nimeongoza filamu nyingi tangu siku ile, nimekaa na wafiwa, wafungwa, wachimba dhahabu, na kila nilipokosa kitu kwa sababu betri iliisha au lori lilipita, mdomo ukitaka kusema "rudia", nimemsikia huyo mama. Sijawahi kulisema neno hilo kwa mtu yeyote aliye mbele ya kamera yangu. Wenzangu wa kazi wananiita jiwe. Wameniambia filamu zangu zina mashimo. Ndiyo, zina mashimo. Mwenye kutaka keki ilishwe mara mbili aende harusini.

Papa Alimasi aliumia. Hakula jioni ile. "Nilikosea nini?" alinung'unika, "si nilitaka mukwe wake amusikie muzuri?" Nilimwambia kazi haijaisha. Alidhani nasema kwa ujana. Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa shangazi yake Nyassa bila kamera, nikashika mchi, nikaanza kutwanga sombe, majani ya muhogo. Hawakuniita na hawakunifukuza. Nilikwenda tena, na tena. Nilitwanga mpaka viganja vikaota sugu, na neno kamera sikulitaja. Nyassa alijua nimekuja kwa nini, si mjinga, lakini alinipa na mimi sahani yangu, sombe na samaki wa mikeke wa kuchoma, tukala pamoja jikoni tukiwa tumekalia vigogo. Siku moja nikiwa nyuma ya ukuta nasuuza majani, nilisikia shangazi anamwambia, "Rudi tu kule, umalize ile mambo. Ama unataka batoto bakomalie Tanzania?" Na Nyassa akajibu, "Shangazi, kama naongea mu sinema, mama mukwe atasema nimecheza. Atasema, ona, amevaa, ameketi ku kiti, maua kando. Na ile nitamwambia si kitu ya kuchezea." Kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Ile nilifanya, ata weye ukiisikia unaweza kunifukuza." Nilibaki na majani mkononi, maji yananichuruzika miguuni.

Kwa hiyo kulikuwa na jambo, na jambo lenyewe lilihitaji mahali pake pa kusemewa. Mahali gani? Nilizunguka na swali hilo siku nyingi. Nilimkasirikia hata Nyassa. Nilisema, lakini si ni wewe unayetaka watoto? Ongea basi! Halafu nilipata jibu katika matanga ya mvuvi mmoja wa mtaani kwetu. Alikuwa ameshazikwa zamani, mikeka imebaki michache, watu wanacheza dama uani. Mchana huo akafika mpwa wake kwa boti kutoka Ubwari, amechelewa miezi, hakuwa amepata habari. Hakuuliza kitu. Aliweka unga wake mlangoni, akavua viatu, akakaa kwenye mkeka, akasema, "Poleni." Wale wa dama wakaacha mchezo. Mjane akaja akakaa mbele yake, uso kwa uso, akamweleza ugonjwa tangu kichwa kilipomuuma marehemu hadi pumzi ya mwisho, taratibu, kama ni jana. Hakuna aliyemkatiza. Alipokwisha, mpwa na wote waliokuwepo wakasema, "Tumesikia." Basi. Kitu nilichokiona tangu utotoni kama ninavyoona mvua! Aliyechelewa matangani hadaiwi kitu, na wala haulizi. Anakaa chini, na mwenye msiba anajua wajibu wake ni kumweleza tangu mwanzo. Na masikio yale yale hayaelezwi mara mbili. Nilisimama pale uani nikajipiga paji la uso mpaka mtu akauliza kama nimeumwa na nyuki.

Nilimkuta Nyassa anaanika muhogo. Nikamwambia, "Mama Riziki," maana binti yake mkubwa ndiye Riziki, "Bibi Mlasi amechelewa matanga. Nitakuletea masikio yake." Akasimama na muhogo mkononi. Nikamweleza: hakuna kiti, hakuna pazia, mkeka tu, hapa kwa shangazi. Sisi tutakuja na unga. Kamera itakaa chini, pale ambapo angekaa mama mkwe.

"Hii kitu itaniuliza?" akasema.

"Haitakuuliza."

"Itanikatiza?"

"Haitakukatiza."

"Na kama nimeanguka katikati, utasema turudie?"

"Ata neno moja, mama. Ukianguka, tutangoja. Ukinyamaza, tutanyamaza."

Akaendelea kuanika. Nilidhani amekataa. Alipomaliza kipande cha mwisho akasema, "Ijumaa. Shangazi atapika."

Mbio hadi kwa Papa Alimasi, na kule nikakuta ukuta mwingine: kaseti. Mpya haikuwepo mji mzima. Zilizokuwepo zilikuwa harusi za watu waliokimbia kabla ya kuzichukua, na yeye alizilinda kama amana, hakutaka kufuta ndoa ya mtu. "Leo niko na amana ya batu, kesho banarudi, nitabaambia nini?" Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho nikamkumbusha jambo alilolijua kuliko mimi: kila kaseti ya harusi, mwishoni, baada ya maingilio na ngoma na hotuba, ina sehemu ndefu ya wageni wakila. Mashavu, mifupa, vidole. "Papa, hakuna mtu atarudi toka Kigoma kutafuta namna alitafuna kuku," nilimwambia. "Tufute pale banakula. Bameshashiba." Alicheka mpaka akashika mbavu, mara ya kwanza tangu Nyassa atoke sale. Akachagua kaseti mwenyewe.

Ijumaa tulikwenda baada ya sala, mimi, Papa Alimasi, mke wake na wanawake wawili wa mtaani. Tuliweka unga mlangoni, tukavua viatu, tukasema poleni. Papa Alimasi alikaa karibu na mlango, miguu ameikunja, mikono juu ya mapaja. Mimi niliweka kamera juu ya mfuko wa mchanga, sakafuni, kimo cha macho ya bibi kizee aliyekaa, nikaiwasha, taa nyekundu ikaonekana wazi, kisha nikakaa nyuma yake kama mjukuu. Hadi leo kamera zangu zinakaa chini namna hiyo. Wataalamu wameliandikia jambo hilo maneno makubwa. Ukweli ni kwamba Bibi Mlasi asingekaa kwenye kiti.

Nyassa alikaa mbele ya kioo cha kamera, uso kwa uso. Akasema, "Mama, karibu. Umechelewa, si makosa yako." Akaeleza. Alimkuta Wilondja katika shamba la muhogo, risasi tumboni, bado anaongea. Alimvuta mpaka jikoni, maana jikoni ndipo palipokuwa karibu. Alimpa maji kwa kiganja. Wilondja aliuliza mama yake amepanda mtumbwi, akaambiwa amepanda, akauliza watoto, akaambiwa wamepanda, akasema, "Basi." Akafa jua likiwa bado juu. Nje wale watu walikuwa bado wanapita, na waliyemkuta anazika walimuua juu ya kaburi, alishaona kwa jirani. Nyassa aliondoa mafiga, akachimba pale pale chini ya moto, kwa jembe lililovunjika mpini na kwa kifuniko cha sufuria, sakafu ya jiko ilikuwa imelainika kwa majivu. Alimfunga kwa kikwembe chake kizuri. Alimlaza kichwa kuelekea ziwani, upande mama yake alikokwenda. Akafukia, akakanyaga, akarudisha mafiga. Na kwa kuwa udongo mbichi ungeonekana, aliwasha moto. Akabandika sufuria ya maji. Wanaume wakaingia, wakamkuta mwanamke anapika, wakachukua sufuria na kuondoka.

Jogoo aliwika uani. Mtu alipita barabarani anaimba. Sikugeuka. Nyassa alinyamaza kwa muda mrefu, na sote tukanyamaza, na kwenye kona ya jicho nilimwona Papa Alimasi amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, kama anayezuia neno lisitoke hata kwa bahati mbaya. Ndipo Nyassa akasema lile lililomfunga ulimi: "Mama, niliwasha moto juu ya mutoto wako. Nilipika juu yake. Sikupata njia ingine. Kama ni makosa, makosa ni yangu." Akanyoosha viganja mbele ya kamera, vina makovu ya kifuniko. "Na hizi njo mikono zilimuzika. Nimemaliza."

"Tumesikia," tulisema. Shangazi hakumfukuza mtu. Aliinuka na uso umelowa, akaleta ugali na samaki, akamkatia Nyassa tonge la kwanza kwa mkono wake mwenyewe.

Ilibaki ziwa. Dada yake Papa Alimasi aliuza mawese Kigoma, mimi nikapata karatasi kama msaidizi wake, na kaseti nikaibeba mkononi waziwazi, nikisema ni harusi ya binamu yangu. Nilijua kitu kilichofichwa hutafutwa. Pale ufukweni askari mmoja, mtazamaji wetu wa karate, akanitambua. Nikadhani nimepona, kumbe ndio kwanza nimeingia. "Mutafsiri! Mbona hatukuonaka hii harusi?" Akaichukua kaseti kwa mkubwa wake, nyumba ya pili kutoka majini, mwenye televisheni na jenereta yake. Mimi nyuma yao. Wakaweka. Bibi harusi akaingia, wakapiga mluzi. Ngoma ikalia, mkubwa mwenyewe akatikisa bega. Kila wimbo ulipokwisha nilihesabu moyoni kilichobaki kabla ya Nyassa: ngoma, kisha hotuba, kisha yeye, na mambo aliyosema kuhusu watu wenye bunduki yangetosha kutuzika wote. Zikaanza hotuba za wajomba. Nani asiyewajua wajomba wa Fizi wakishika kipaza sauti? Mjomba wa kwanza alianzia kwa babu wa babu. Wa pili akamsahihisha wa kwanza. Mkubwa akapiga miayo. Wa tatu aliposimama na kusema hatachelewesha watu, mkubwa akasema, "Toa, toa hii mambo!" na nikatupiwa kaseti yangu. Nimebishana na wakaguzi wa filamu katika nchi kadhaa tangu hapo, na kila mara nimetamani wajomba wale wangekuwepo.

Kambini kulikuwa na sale ya video ya miti na hema la plastiki. Tulionesha mchana, kwa hisani ya kijana mwenye jenereta, na habari zilikuwa zimetangulia, watu walijaa hadi nje. Bibi Mlasi alikuja akiwa na wajukuu wake, nywele zake hazijachanwa, kitambaa cheusi kimepauka kabisa. Aliletewa benchi la mbele. Akaliangalia, akatandika khanga yake chini, akakaa mbele ya televisheni. Wakati naivusha harusi haraka watu walishangilia, wanawaona majirani waliopoteana nao wakicheza mbiombio, kisha picha ikaruka, na Nyassa akawa amekaa pale, uso kwa uso na mama mkwe wake. "Mama, karibu. Umechelewa, si makosa yako."

"Asante," Bibi Mlasi akaijibu televisheni.

Alisikiliza bila kusogea. Pale kwenye moto nilifumba macho, sikuweza kumtazama. Sauti ya Nyassa ikasema imemaliza, na sauti zetu za Baraka zikasema tumesikia, na sale nzima ya Kigoma, hadi waliokuwa nje, ikasema pamoja nasi, tumesikia. Lakini sauti ya Bibi Mlasi haikuwemo. Alibaki amekaa mbele ya kioo kitupu. Nilifikiri: nimeharibu. Nimemletea mama kaburi chini ya sufuria, nimewafungia watoto wale Kigoma daima.

Kisha akaniomba mkono nimwinue. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na ulinishika kwa nguvu. Alitembea hadi nje kwenye jua, mbele ya watu wale wote waliokuwa wamebeba uvumi ule mwaka mzima mdomoni, na hakuwaangalia. Alimwita mjukuu wake.

"Riziki, leta mufuko. Weka nguo zako na za mudogo wako."

Mtoto akauliza wanakwenda wapi.

Bibi Mlasi akapandisha sauti, ili isikike mpaka kwenye foleni ya maji.

"Kwa mama yenu," alisema. "Ule alimuzika baba yenu."